Meli Yangu, Asante

Marafiki, leo nimechekwa na kanisa zima. Pasta akiwemo. Niko nyuma ya nyumba ya wakwe zangu hapa Mabanga, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, naandika haya haraka kabla Senge hajayaeneza kwa njia yake. Senge ni shangazi ya mchumba wangu Wafula, na habari ikiingia kwake hutoka na chumvi ya debe zima.

Kwa wasionijua: mimi ni Njoki. Nyumbani ni Kitale. Wazazi wangu wanauza mbegu na mbolea, mimi naoka keki. Wafula amenichumbia, na baba yake alinipenda tangu siku ya kwanza. Shida ilikuwa mama yake. Hakunikataa, hapana. Alisema tu, "Nitamwangalia kwanza." Na kweli akaanza kuniangalia. Ameniangalia nikisonga ugali. Ameniangalia nikiosha sufuria. Ameniangalia nikifukuza kuku jikoni. Hasemi kitu! Na mpaka yeye aseme ndiyo, familia hazikutani na harusi hakuna. Mmeelewa hali yangu? Haya.

Jambo la pili ni L na R. Kwa mdomo wa Baba Wafula L ilimwachia R kiti zamani. Siku ya kwanza aliniambia, "Njoki, karibu ukure." Nikajiuliza, uchaguzi ni leo? Wafula akanisukumia sahani. Baada ya chakula akasema, "Huyu mgeni amechoka, anataka kurara." Basi nikajitungia sheria: kila R ya Baba ni L. (Na simcheki. Kwetu L haikufika kabisa. Mama yangu kila Krismasi hununua "maraika" wa kupamba sebule.) Sheria hiyo imenisaidia sana hapa Mabanga. Mpaka wiki hii.

Na mkumbuke kwamba nilipata A ya Kiswahili. Itahitajika mbele.

Jumanne Baba akanipigia simu. Baba hupiga tu, meseji haandiki. Anasema aliandika ripoti za serikali maisha yake yote, na alipostaafu juzi, vidole vilistaafu naye.

"Njoki," akasema, "Jumamosi nafanya shukrani hapa nyumbani. Nataka keki. Keki ya Meri."

Sheria ikafanya kazi yake. Meri ni meli. Wala sikushangaa! Tangu astaafu, Baba amependa video za zile meli za matajiri, zinaitwa yoti. Nyeupe, ndefu, watu wamevaa miwani myeusi wamelala juu kama samaki wa kuanikwa. Hututumia kwenye grupu ya familia kila asubuhi. Mtu kama huyo akistaafu na kutaka keki ya meli, kosa liko wapi?

"Ya kifahari, Baba?"

"Eeh! Ya fahari kabisa. Si ni shukrani? Nataka watu washangae."

"Na juu niandike nini?"

"Andika, 'Meri wangu, asante.' Amenibeba miaka yote, Njoki. Rakini hiyo ni siri yetu. Usiambie mtu, hata Wafula."

Niliguswa jamani. Nikasema, huyu mzee amestaafu na sasa anaongea kwa mafumbo. Meli ni maisha. Imembeba, imemfikisha. Nikafuta machozi na aproni.

Halafu yule mwanafunzi wa A akaamka ndani yangu. "Meli wangu"? Ngeli gani hiyo? Baba husema "kitabu yangu" na "viatu yangu", na hakuna anayemshtaki. Lakini keki yangu haiwezi kusimama mbele ya watu na ngeli imevunjika mguu. Nikarekebisha: MELI YANGU, ASANTE. Nikajipongeza kwa kazi nzuri.

Sasa, mimi meli sijawahi kuiona. Maji makubwa ninayoyajua ni Nzoia pale Moi's Bridge, na pale hata bata huangalia kwanza. Nikaingia mtandaoni nikatafuta jinsi ya kuchagua yoti ya kifahari inayokufaa. Nikasoma na unga mikononi. Kumbe matajiri wana shida zao! Wanaambiwa wasianze na urembo, waanze na mahitaji. Utaitumia kwa nini? Mtalala ndani ama ni matembezi ya mchana tu? Mtakuwa watu wangapi? Unataka mbio ama utulivu? Maana ya mbio ni nyembamba na inakunywa mafuta, na ya utulivu ina tumbo pana na hufika mbali. Mpya ama iliyotumika? Na mwisho kabisa wakaandika kitu kilichonikaa: kabla hujachagua, jiulize ni nani atakayekaa humo zaidi ya wote, umwekee pake pa kupumzikia.

Nikaanza kumchagulia Baba. Jiko: lazima sufuria ya ugali wa sherehe ipite mlangoni. Sitaha ya juu: matajiri huota jua hapo, sisi tutaanika mahindi. Kile kiboti kidogo cha kuwapeleka watu ufuoni: cha kumrudisha Senge kwake akizidi kuongea. Kiwanja cha helikopta nilikiondoa, nikaweka pa kuku.

Lakini mambo mengine anayejua ni mwenyewe. Nikampigia.

"Baba, ni ile meli. Ni kubwa sana ama ya wastani?"

"Ni wa wastani," akasema. "Mbona?"

"Ndio keki itoke sawa. Na mwendo? Wa kasi ama wa polepole?"

"Ah, poore poore. Rakini hasimami. Mimi sijawahi kumwona amesimama."

"Na inabeba wangapi?"

"Sita!" Alijibu kwa nguvu mpaka nikatoa simu sikioni. "Amebeba sita, na wote wako hai, Mungu asifiwe!"

Vyumba sita, nikasema moyoni, na usalama ni wa hali ya juu.

"Na mafuta, Baba? Inakunywa sana?"

"Mafuta kidogo tu siku hizi. Daktari arikataza."

(Kwetu Kitale fundi wa trekta tunamwita daktari. Ningejuaje?)

"Rangi?"

"Nyeupe na buruu. Hizo ndio anapenda."

"La mwisho Baba, samahani. Ni mpya ama ya mtumba?"

Hapo Baba akakohoa, akakohoa tena.

"Njoki," akasema polepole, "hayo maswari mengine muurize Senge."

Nikaoka. Marafiki, niliioka hiyo keki na roho yangu yote. Sitaha tatu. Fondanti nyeupe (ile sukari laini ya kufunika keki), mstari wa buluu ubavuni, madirisha sita. Tumbo pana, kwa sababu mwenyewe alisema polepole. Na nyuma, mahali palipobaki wazi, nikakumbuka lile neno la mwisho. Nikatengeneza kiti kimoja kidogo, na mto wa buluu, kimeangalia nje. Nikasema hapo ndipo Baba atakaa, mtumishi wa serikali aliyemaliza mwendo.

Leo asubuhi Wafula akaja kunichukua na pikapu ya rafiki yake. Kila tuta kutoka Kiminini, mimi ni "Polepole! Polepole bana!" Wafula akauliza, "Kwani umebeba mayai?" Nikamwambia ni siri yangu na baba yake. Mlingoti ulianguka Kamukuywa, nikausimamisha tena na kijiti cha kuchokolea meno. Tulifika salama na nikamshukuru Mungu. (Nilishukuru mapema.)

Hema lilikuwa limejaa. Mama Wafula alikuwa mlangoni na wamama wenzake wa kanisa, wote na sare: gauni jeupe, kitambaa cha buluu. Nikafurahi! Wamevaa rangi za meli! Nikasema hii familia inajua kujipanga.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe. Umekunywa chai?"

"Ndiyo, Mama."

"Mm." Akaniangalia. Akaangalia boksi. Akaenda.

Tukaweka keki mezani mbele ya watu, imefunikwa na kitambaa cha meza. Mimi nikasimama kando yake na kisu chenye utepe, natabasamu kama niliyeshinda kiti cha ubunge. Pasta akaomba. Baba akasimama kuongea.

"Mimi serikari irinihamisha kira mahari," akaanza. (Kila mahali. Mnaona sheria inavyofanya kazi?) "Turkana, Kware, Garissa. Nikirudi rikizo, napata watoto wamekura, wako shure, na mahindi ya shamba ya Tongaren yamevunwa. Mimi nirikuwa naandikiwa barua ya hongera. Kuna mtu hapa hakuna siku ariandikiwa. Hata jina rake tumerisahau. Reo nataka nimwite kwa jina. Meri. Simama."

Nikageuka kuangalia meli itasimama namna gani.

Akasimama Mama Wafula.

Jamani! Damu yote ilishuka kwa viatu. Meri ni Meri! Meri ni Mama! Mimi miezi yote hiyo nilimjua kama Mama Wafula, sikuwahi kuuliza kama alizaliwa na jina lingine. Majibu yote ya Baba yakaanza kurudi moja moja. Hasimami. Daktari alikataza. Amebeba sita: Wafula na ndugu zake watano! Halafu likarudi lile la mwisho. Nilimuuliza baba mkwe kama mke wake ni wa mtumba.

"Njoki," Baba akaita, anang'aa uso mzima. "Funua keki."

"Baba," nikasema, "si tuombe kwanza?"

"Turiomba."

"Tuombe tena. Ni siku kubwa."

Pasta ni mtu mzuri, akaomba tena. Nilitamani aombee nchi zote za dunia, moja moja. Aliombea kaunti tu, akasema amina. Nikafumba macho, nikavuta kitambaa.

"Ni pasi," mtu akasema nyuma.

"Pasi gani ina madirisha? Ni kiatu."

Senge akatoka kwenye kiti chake, akaja karibu, akainama, akasoma kwa sauti ya kutangaza matanga. Na Senge ni dada ya Baba, mdomo ni mmoja. Akasoma: "Meri yangu, asante!"

Watu wakapiga makofi! Nikafungua jicho moja. Mungu wangu, nimepona? Imesomeka sawa! Nilikuwa karibu kupumua.

"Yangu?" Baba akauliza. "Njoki, si nirisema wangu?"

"Na mbona Meri ni boti?" akauliza Senge.

Basi yakaisha. Nikasema yote, nikilia, kisu bado mkononi. Nikawaambia kuhusu sheria yangu ya L. Nikawaambia kuhusu video za Baba, na nilivyosoma jinsi matajiri wanavyochagua yoti inayowafaa. Nikawaambia maswali niliyouliza, moja baada ya lingine. Kwa nini niliyasema mbele ya watu? Sijui. Nilipofika kwa "mpya ama ya mtumba," Pasta alitoa kitambaa akafunika uso. Wamama wa kanisa walishikana. Wafula, mchumba wangu, mtetezi wangu, alikuwa chini ya meza.

"Kumbe urikuwa unauriza meri ya maji!" Baba akasema. Akacheka mpaka akatafuta kiti, na kiti alichopata kilikuwa na mtu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama. Alikuja taratibu mpaka mezani. Nikajua sasa ndiyo hapo, ameniangalia vya kutosha, leo narudishwa Kitale na meli yangu.

Akaizunguka keki. Akaweka kidole karibu na dirisha.

"Hizi sita ni za nini?"

"Ni vyumba, Mama. Baba alisema... amebeba sita."

"Mm. Na hii tumbo mbona kubwa?"

"Ni ya safari ndefu, Mama. Zile nyembamba zinakimbia, lakini hazifiki mbali."

Akazunguka upande wa nyuma. Akainama kabisa.

"Na hapa?"

"Hapo ni pa kupumzika. Walisema mtu afikirie ni nani atakaa humo zaidi ya wote, amwekee pake."

"Kiti ni kimoja?"

"Ni kimoja, Mama."

Akakiangalia hicho kiti. Marafiki, nimeangaliwa na huyu mama kwa miezi, na sijawahi kumwona akiangalia kitu hivyo.

"Nikikaa hapa," akasema, "kuna mtu ataniita?"

"Hapana, Mama. Uko katikati ya maji. Hakuna mtu anafika."

"Hata huyu?" Akaonyesha Baba.

"Hata yeye. Hajui kuogelea."

Ndipo akacheka. Kwanza mabega, halafu mwili wote, halafu machozi. Akanikumbatia, mikono yangu bado ina fondanti ya buluu, na gauni jeupe la kanisa likapata buluu ambayo sijui kama itatoka. Akaniambia sikioni, "Tangu niolewe sijawahi kuulizwa nataka kukaa wapi." Nikalia upya. Nilikuwa nimemchagulia mtu mwingine hicho kiti, na Mungu akakipeleka kwa mwenyewe. Nasema asante, na sina neno lingine.

Kisha akasimama wima, akawageukia watu. "Huyu nimemwangalia," akasema. "Inatosha. Twende kwao."

Vigelegele! Wafula akatoka chini ya meza. Senge akaanza wimbo kabla ya mtu yeyote. Baba akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa, akasema kwa sauti ambayo hema zima lilisikia, "Basi, Njoki, ambia wazazi. Tunakuja Kitare kuongea mahari."

Na mimi, kwa furaha ile, akili imeenda, sheria imebaki peke yake kichwani ikifanya kazi, nikajibu:

"Mahali ni pale pale kwetu, Baba. Ukifika sokoni uliza tu, hakuna mtu hapajui."

Nimeshawaambia kwamba nimechekwa na kanisa zima? Basi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pili.

Sasa keki imeliwa. Madirisha yote sita yameenda, kila mtoto lake. Kiti hakikukatwa. Mama amekiweka juu ya kisahani, na yeye mwenyewe amekaa hapo uani kwenye kiti cha kweli, miguu imenyooshwa, viatu viko kando. Mtu akiita "Mama Wafula, chumvi iko wapi?" haitiki. Baba amemwita "Meri" mara moja, taratibu, na Mama akageuka. Mimi nimepewa sufuria zote za sherehe nizioshe, mlima mzima, na sijawahi kuosha sufuria nikiwa na furaha namna hii. Hakuna anayeniangalia.

Kwa hivyo mkicheka, mnihurumie kidogo. Baba yangu hana L hata moja, Baba Wafula hana uhakika na R zake, na hao wawili ndio watakaa chini kuongea mahari yangu. Mkiona mwaka umepita na bado sijaolewa, mjue tu wazee wanatafuta mahali.